Kusafisha bustani ya mboga baada ya kipupwe: mwongozo kamili kwa wakazi wa nyanda za juu

Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya hupita kwenye baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam huijua kwa kusimuliwa tu. Usiku usio na mawingu wala upepo umande huganda juu ya majani, na jua likichomoza utakuta viazi na maharage yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Agosti ikiisha, bustani nyingi zinafanana: mabua makavu yamesimama, visiki vya kabichi vimetoa vichipukizi visivyo na faida, magugu yaliyoivumilia baridi kuliko mboga yanatamba, na udongo umefunga ukoko.

Mazoea yetu ni kushika jembe, kukwatua kila kilichomo, kukikusanya katikati na kukitia kiberiti. Kufikia jioni bustani ni nyeupe, na wapita njia wanaisifia. Mimi sikubaliani na usafi huo. Bustani iliyobaki uchi Septemba na Oktoba hukaushwa na jua na upepo, kisha mvua za kwanza za Novemba huondoka na udongo wake wa juu, ule uliotumia miaka kuutengeneza. Kinachotakiwa kuondoka ni ugonjwa, wadudu na mbegu za magugu. Vingine vyote vina kazi palepale.

Nimeandika nikiwa na picha ya bustani ya nyumbani au kinyungu cha bondeni, yaani kishamba cha penye unyevu, kisichozidi robo eka. Wa Lushoto, au Limuru na Kinangop kule Kenya, mtaona mengi yanafanana na ya kwenu, ila wa Kinangop baridi yenu ya kuunguza huja hata Januari na Februari, kwa hiyo sogezeni miezi.

Lini uanze

Kalenda itakudanganya. Baridi inaweza kurudi hata mwanzoni mwa Septemba, hasa mabondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito: usiku inateremka mlimani na kutuama chini. Ndiyo maana kinyungu huungua wakati shamba la juu yake kidogo halijaguswa. Bustani ya mteremkoni unaweza kuianza katikati ya Agosti. Ya bondeni isubiri mpaka zipite kama wiki mbili bila umande kuganda.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia. Majani yaliyoungua juu yanayakinga yaliyo chini yake. Ukiyanyofoa mapema, baridi ya usiku unaofuata inashukia chipukizi moja kwa moja, na mmea uliokuwa na nafasi ya kupona unakufa kabisa.

Hali ya udongo nayo ina neno. Chota udongo wa kina cha kiganja, ufinyange kwenye ngumi, kisha ubonyeze kwa kidole gumba. Ukimeguka, kazi iendelee. Ukibaki donge linalong'aa, kama inavyokuwa kwenye vinyungu, bado una maji mengi; ukiukanyaga sasa utashindiliwa na mizizi itahangaika msimu mzima. Weka ubao wa kusimamia au ngoja siku kadhaa. Mteremkoni shida ni kinyume chake: udongo ni mkavu hadi jembe linadunda. Hapo mwagilia jioni, ufanye kazi kesho yake.

Zunguka kwanza, mikono mitupu

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama utaondoa tatizo au utalisambaza. Kabla hujang'oa chochote, pita tuta kwa tuta ukiwa na daftari na vijiti vya kuchomeka. Unatafuta majibu ya maswali mawili: nini kiko hai, na kilichokufa kimeuawa na nini.

Sukuma wiki, kabichi, karoti, spinachi na vitunguu vina uwezo wa kuvumilia baridi. Sukuma na karoti hata huwa tamu zaidi, maana mmea ukipata baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Usiving'oe kwa kuwa tu majani ya nje yamechakaa. Chuma mabovu, uache moyo. Njegere majani yake hustahimili, maua na maganda machanga hayawezi. Viazi mviringo, nyanya, maharage, maboga na mchicha hawana ubishi na barafu, wanakufa.

Pilipili, nyanya mti, mpesheni na miche midogo ya parachichi iliyo kandokando ya bustani usiipogoe kwa kuangalia majani. Kwaruza gome kwa ukucha kuanzia nchani ukishuka. Kahawia na kavu, hapo pamekufa. Ukifika penye kijani kibichi, uhai unaanzia hapo. Weka alama, lakini usikate mpaka machipukizi mapya yajitokeze, ndipo ukate juu kidogo ya chipukizi zima la kwanza.

Sasa magonjwa. Jani lililounguzwa na barafu hugeuka jeusi kwa usiku mmoja, na bustani nzima huungua kwa pamoja, zaidi sehemu zilizo wazi. Bakajani chelewa wa viazi na nyanya haji hivyo. Huanza na mabaka yenye kingo zilizofifia, husambaa kwa siku kadhaa, na asubuhi yenye unyevu utaona ukungu mweupe chini ya jani. Kama uliona mabaka kabla ya barafu kupiga, mimea hiyo ihesabu kuwa na ugonjwa, hata kama sasa yote ni meusi sawasawa.

Mnyauko bakteria ndio wa kuogopwa. Mmea hunyauka ukiwa bado wa kijani, kwanza mchana, kisha moja kwa moja. Ukishuku, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi ncha iliyokatwa ikiwa ndani, na usiitikise. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, jibu umelipata. Chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu mahali hapo. Hapatapandwa kiazi, nyanya, pilipili, bilinganya wala nyanya chungu kwa miaka kadhaa.

Kwenye kabichi na sukuma tafuta madoa ya njano yenye umbo la V kutoka ukingoni mwa jani, na mishipa iliyogeuka myeusi. Huo ni uozo mweusi, nao hukaa kwenye mabaki na kwenye mbegu. Mwisho fukua mizizi ya nyanya na karoti mbili tatu. Vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo fundo. Usivichanganye na vinundu vya maharage na njegere, ambavyo hubanduka kwa kidole na ndani vina rangi ya waridi. Hivyo ni mali: ndani yake wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

Vifaa

Panga au kisu kikali, jembe la kawaida, jembe uma, reki, sepetu, toroli au viroba, glovu, mkasi wa kupogolea. Jembe uma ndilo ningelinunua kwanza kama ningekuwa na fedha ya kifaa kimoja tu, na sababu yake utaiona kwenye magugu.

Andaa ndoo mbili. Moja ina maji na sabuni ya kuondolea udongo. Ya pili ina dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Kila unapotoka kwenye mmea wenye ugonjwa, osha kisu kwenye ya kwanza ndipo uchovye kwenye ya pili, kwa sababu klorini ikikutana na udongo huisha nguvu. Jioni suuza kwa maji matupu na upake mafuta kidogo, la sivyo chuma kitaliwa na kutu. Fanya kazi ukitoka penye afya kwenda penye ugonjwa, na viatu navyo visisahauliwe.

Kuondoa mabaki: mafungu matatu

Vuna kwanza. Karoti zilizobaki, vitunguu, moyo wa kabichi, mbegu za mchicha zilizokauka, vyote vitoke kabla ya jembe. Viazi vilivyounguliwa majani chimba vyote, hata vidogo kama gololi. Vikibaki vitaota vyenyewe mvua zikija, na maotea hayo ndiyo daraja la bakajani na mnyauko kuingia msimu mpya. Kiazi kilichopigwa na jua kikawa kijani usikipike na usimpe ng'ombe, kina sumu.

Halafu namna ya kuondoa. Maharage na njegere usiyang'oe. Kata shina usawa wa ardhi na uache mizizi ioze palepale, iachie udongo ilichokusanya. Bua la mahindi lisilo na ugonjwa nalo likatwe chini. Mizizi yake itauachia udongo njia za maji. Kisiki cha kabichi, kinyume chake, lazima king'oke. Kikibaki kinachipua, na vichipukizi vile ni hoteli ya vidukari na nondo mgongo wa almasi wakati hakuna mboga nyingine shambani. Sukuma wiki wa zamani aliyeanza kurefuka na kutoa maua ya njano amechochewa na baridi; hatarudi kuwa mboga. Kama humtaki kwa mbegu, mng'oe.

Yote unayotoa yaende kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni mabaki mazima: mabua, majani yaliyoungua na barafu tu, maganda, magugu yasiyo na mbegu. Haya ni ya mboji.

Fungu la pili ni la mifugo. Majani ya kabichi, karoti na mabua ya mahindi sungura na mbuzi watakushukuru, mradi hayajapigwa dawa karibuni. Majani ya nyanya na viazi usiwape, yana sumu. Mtama ulioungua na barafu nao uwekwe mbali na ng'ombe, kwa kuwa baridi huufanya utoe sumu inayoua haraka.

Fungu la tatu ni la wagonjwa. Nyanya zenye kanitangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, zitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uache juani wiki mbili tatu. Joto la ndani litamaliza viwavi na mabuu. Uozo mweusi na bakajani fukia kwenye shimo lenye kina kisichopungua nusu mita, mbali na njia ya maji. Mimea yenye mnyauko na mizizi yenye minyoo fundo ndiyo peke yake ninayoichoma. Ianikwe kwanza kwenye shimo hadi ikauke, ichomwe asubuhi pasipo na upepo, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Septemba na Oktoba ni miezi ya moto kichaa huku kwetu, na misitu ya misindano ipo mlangoni. Vijiji vingi vina sheria ndogo za moto, kwa hiyo mweleze mwenyekiti wa kitongoji kabla hujawasha.

Hapohapo pitia uzio na vichaka vyake ukikusanya chupa na pakiti za viuatilifu. Chupa isuuzwe mara tatu, maji ya suuza yamwagwe kwenye bomba la kupulizia wakati wa kuchanganya dawa, kisha itobolewe. Isitumike kuwekea mafuta ya taa, maziwa wala maji ya kunywa, hata ikioshwa namna gani, na isichomwe moto. Muulize afisa ugani zinapokusanywa kwa upande wenu.

Magugu: ukame ni rafiki yako

Watu wengi hulalamika kuwa palizi ya Desemba inawashinda. Hushindwa kwa sababu waliyaacha magugu Septemba, wakati jua lingewafanyia nusu ya kazi bure.

Sangari hana huruma. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, na kila kipande chenye kifundo ni mmea mpya. Ukimpiga jembe la kawaida unamkatakata, unampanda upya kwenye bustani nzima. Hapa ndipo jembe uma linapolipa gharama yake: chomeka, nyanyua, tikisa udongo, vuta mzizi wote taratibu ukiufuata unakokwenda. Mizizi iliyotoka itandaze juu ya jiwe au bati, isiguse udongo, mpaka ivunjike kwa sauti ukiikunja. Ndipo itafaa kwa mboji. Rudia baada ya wiki tatu, kwa sababu kuna vipande vitakavyokuponyoka.

Ndago ana viazi vidogo vilivyounganishwa kama tasbihi, na ukivuta majani vinakatikia chini. Chimba kwa kina uvitoe na udongo wake, uchekeche kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato niijuayo ya bustani ndogo, zaidi ya kurudia kila anapochomoza ili viazi vile viishiwe akiba.

Kishona nguo mwahi kabla mbegu hazijakomaa, maana mmea mmoja unamwaga maelfu. Zikiwa zimekwisha kuwa nyeusi, mkate shina ukiwa umeshikilia kiroba chini yake, wala usimburure bustanini. Kongwa huota kila pingili inapogusa ardhi yenye unyevu, kwa hiyo naye apelekwe kwenye bati pamoja na sangari.

Siyo kila kilichojiotea ni adui. Mnavu na mchunga ni mboga, na baada ya miezi ya kabichi, mnavu uliopikwa kwa karanga hauna mpinzani. Acha michache pembezoni. Lakini kumbuka mnavu ni ndugu wa nyanya na viazi. Kwenye kijiti chako chenye kitambaa chekundu haustahili kubaki.

Waite kuku

Bustani ikishakuwa wazi, iache wiki mbili bila kitu chochote kibichi. Sota, wale viwavi wanene wa kijivu wanaokata miche usiku usawa wa ardhi, hujificha juujuu ya udongo wakingoja chakula. Ukichelewesha miche wanakosa wa kumkata. Tifua kidogo tu kwa reki, sentimita tano hivi, kisha fungulia kuku asubuhi kwa siku mbili tatu. Watakula sota, mabuu na mbegu za magugu zilizoanguka. Baada ya hapo watoe na uhakikishe uzio umeziba, maana kuku hatofautishi sota na mche wa vitunguu.

Udongo: gusa kidogo, lisha vizuri

Si lazima kulima bustani nzima upya. Kama matuta yapo na hayakukanyagwa, chomeka jembe uma, lisukume nyuma na mbele udongo ulegee, litoe, endelea bila kupindua. Udongo wa juu unabaki juu na minyoo yake. Pindua tu palipokuwa na sangari au pagumu kupita kiasi. Matuta mapya yawe na upana wa mita moja hadi moja na robo, mkono ufike katikati bila kukanyaga, njia kati yake nusu mita, na mteremkoni yakingame na mlima. Nimeona matuta yanayoteremka na mlima kwa sababu ni rahisi kumwagilia. Mvua moja kubwa inatosha kuyageuza mfereji.

Udongo wa sehemu nyingi za Njombe na Rungwe una tindikali, na mboga jamii ya kabichi na maharage huteseka ndani yake hata ukiweka mbolea nyingi. Kabla hujanunua chokaa, pima. Chukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, na upeleke kama nusu kilo maabara, kwa mfano TARI Uyole (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) mjini Mbeya au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Majibu ndiyo yatakayokuambia kiasi cha chokaa ya kilimo. Ichanganywe na udongo mapema, kwani huhitaji miezi miwili mitatu na unyevu ili ifanye kazi. Usiiweke siku moja na samadi. Zikikutana naitrojeni hupanda hewani, na harufu kali utakayoisikia ni mbolea yako inayoondoka. Tenganisha kwa wiki kadhaa. Majivu ya jikoni nayo hupunguza tindikali, konzi moja kwa mita ya mraba yanatosha, lakini usiyatie pa viazi kwani yataleta ukoga wa maganda, yaani magamba makavu juu ya ngozi ya kiazi.

Samadi iwe imeiva: nyeusi, inameguka, hainuki. Mbichi inaunguza miche, inaleta magugu, na kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa inaleta vimelea vya kuharisha. Debe moja la lita 20 kwa mita tatu za mraba ni kipimo kizuri, likichanganywa na udongo wa juu tu.

Mboji ya mahali pa baridi

Lile fungu la kwanza linangoja. Katakata mabua yawe ya urefu wa kiganja; mabua mazima ya mahindi yatakaa mwaka mzima yakikutazama. Chagua mahali penye kivuli na kinga ya upepo. Anza na matawi membamba ya kupitisha hewa, kisha tabaka la vikavu la unene wa kama sentimita 20, tabaka jembamba la vibichi au samadi, udongo kidogo, maji, na urudie. Lundo lifike angalau mita moja kila upande, la sivyo usiku wa Njombe utalipokonya joto lote. Funika kwa nyasi.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne tano kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, mambo yanakwenda. Kikavu, ongeza maji. Baridi, ongeza samadi au majani mabichi na ugeuze. Lundo likipanda hadi nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vimelea hufa, ila pembeni hapafiki huko, ndiyo maana hugeuzwa kila baada ya wiki mbili tatu. Na kwa kuwa malundo madogo ya huku mara nyingi hayafiki kabisa, sishauri fungu la tatu liingizwe humo kwa namna yoyote.

Kufunika, lakini si leo

Nimesema udongo usibaki uchi. Sasa niongeze jambo linaloonekana kupingana na hilo. Usiku wa baridi kali, udongo ulio wazi, wenye unyevu na usiotifuliwa hutoa joto ulilolikusanya mchana, na joto hilo huikinga mimea iliyo juu yake. Ukiweka matandazo manene unalifungia joto chini, na hewa inayozunguka majani inakuwa baridi zaidi. Kwa hiyo maadamu barafu bado inatisha, kwenye tuta lenye mboga hai mwagilia udongo mapema alasiri na usitandaze. Tuta tupu unaweza kulifunika wakati wowote.

Hatari ikipita, tandaza unene wa sentimita tano hadi nane. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Mabua ya ngano na maganda ya maharage ni mazuri. Sindano za misindano, ambazo tunazo bure, huoza polepole; mimi hupendelea kuziweka kwenye njia. Majani ya mikaratusi yaache hukohuko, huzuia mbegu kuota. Usisogeze matandazo hadi kwenye shina, acha nafasi ya vidole vitatu, na kila baada ya siku chache inua uangalie kama sota wamerudi.

Fito, mpira wa maji na mifereji

Fito zilizoshikilia nyanya zenye ugonjwa ziloweke kwenye maji ya klorini au uzipeleke zikaegemeze njegere, ambazo hazishiriki magonjwa hayo. Mpira wa maji uliopigwa na barafu hupasuka kwenye viungio, kwa hiyo ujaribu kabla ya kuuhitaji.

Mifereji ni jambo zito zaidi. Toa tope na magugu sasa likiwa kavu, na tope hilo lirudishe kwenye matuta ya chini, ni udongo wako. Wenye vinyungu mkumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji kuwa eneo la hifadhi. Usafi wa bustani usiwe sababu ya kusogeza tuta mtoni, na majani ya kando ya maji msiyafyeke.

Kupanga kinachofuata

Rudi kwenye daftari. Palipokuwa na viazi au nyanya, panda maharage, njegere au kabichi. Palipokuwa na kabichi na sukuma, vitunguu au karoti. Pa maharage panafaa kwa majani yanayokula sana: kabichi, spinachi, mchicha. Palipo na minyoo fundo, epuka nyanya na karoti. Weka mahindi, au maua ya jamii ya bangi-mwitu, yale ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, yapandwe kwa wingi msimu mzima, kwa sababu miche miwili mitatu ya pambo haina msaada.

Karoti, njegere, spinachi na vitunguu vinaweza kupandwa mwanzoni mwa Septemba bila hofu kubwa. Kitalu cha nyanya kianze wakati huohuo, kwenye kichanja kilichofunikwa usiku kwa nyasi au viroba, maana miche huhitaji wiki nne hadi tano kabla ya kuhamishwa. Ikihamishwa mapema Oktoba, weka ndoo chakavu karibu na kila tuta. Ukiona jioni anga limetakata, hakuna upepo na mikono inauma, funika miche kwa ndoo hizo kabla jua halijazama, na asubuhi ufunue mapema kabla joto halijaipika.

Viazi na maharage ya mvua subiri Novemba. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, toka na koti lako ukaangalie maji yanapita wapi. Mfereji ulioziba unaonekana siku hiyo, na kuuzibua ni kazi ya dakika chache.